Kiangazi cha Lipu Mbovu

Jumanne, 6 Agosti

Tumeondoka. Naandika gari likiwa mwendoni, kwa hiyo atakayeshindwa kusoma asiulaumu mwandiko wangu, ailaumu barabara.

Daftari hili ni la mahudhurio. Nilikuwa karani wa shule miaka thelathini na mmoja, na siku ya kuagwa mwalimu mkuu alinipa saa ya ukutani na daftari moja lililokuwa limebaki stoo. Saa nimeiacha nyumbani. Daftari nimekuja nalo pamoja na safu zake zote: jina, yupo, hayupo, maoni. Sijui nitaandika mahudhurio ya nani.

Gari nalo lilikuwa la kusambaza mikate. Mume wangu, ambaye dunia nzima inamwita Fundi na mimi pia namwita hivyo, alilinunua likiwa chakavu. Aling'oa rafu, akaweka kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi, tangi la maji na pazia nililolishona mwenyewe. Ubavuni bado limeandikwa MKATE MOTO KILA ASUBUHI. Nilimwomba apake rangi juu yake, akakataa, eti herufi zile zilichorwa na mtu anayejua kazi. Jua likipanda, kitanda chetu kinanukia mkate.

Tunakwenda kwa binti yetu, mbali, polepole, kiangazi kizima. Tumemwahidi kufika mvua zikianza. Nina kiherehere kama msichana wa miaka kumi na miwili.

Jumatano, 7 Agosti

Watu wanne wametusimamisha wakitaka mkate. Mmoja alituona waongo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeona kitu leo.

Tulisimama kando ya shamba ili Fundi aongeze maji kwenye rejeta. Nikashuka kunyoosha miguu, nikauona: mnara wa tofali za udongo, mviringo, mrefu kama nyumba mbili zilizopandana, umejaa matundu madogo safu kwa safu, na kila tundu lina kijiti kilichotokeza nje. Nilidhani ni tanuri. Mara njiwa wakatoka. Hawakutoka mmoja mmoja, walimwagika. Nikajikuta nimeshika mdomo kwa mikono miwili.

Mwenye shamba, aliyekuwa juu ya trekta, alicheka akazima mashine. "Hujawahi kuona mnara wa njiwa, mama?"

"Sijawahi. Unawalisha nini wote hawa?"

"Siwalishi, siwafungii. Wanakuja wenyewe, wanalala, wanazaa. Mimi nachukua mbolea tu. Mara moja kwa mwaka nafungua ule mlango wa chini."

Aliniruhusu kuchungulia. Ndani kuta zote ni vishubaka, mamia, kuanzia chini mpaka juu kwenye mwanga, kama ile rafu ya barua za walimu ofisini kwangu, ila humu kila kishubaka kina mtu wake na kila mtu analalamika. Nilitoka na kinyesi begani na sikujali.

Fundi naye alikuja, lakini hakuona njiwa. Fundi haoni kitu mbele ya ukuta. Miaka arobaini na mbili amepiga lipu nyumba za watu, na hajawahi kupita ukuta mbovu akanyamaza. Alisimama chini ya ukingo wa juu, pale njiwa wanapotua, akanyoosha kidole. Palikuwa na mkanda wa lipu wenye upana wa mkono, umeliwa-liwa, mashimo matupu.

"Nani alipiga lipu hii?" akasema. "Nipewe nusu siku tu."

Nilimvuta mkono mpaka garini. Kisha nikafungua daftari, nikajua mahudhurio ni ya nani. Jina: Mnara wa Trekta. Yupo. Maoni: lipu imeliwa chini ya ukingo (Fundi anasikitika).

Jumamosi, 10 Agosti

Minara miwili kwa siku moja! Mmoja wa pembe nne, mwingine umekaa juu ya paa la zizi. Yupo, yupo. Lipu imeliwa, lipu imeliwa. Fundi anasema eneo zima hili halina fundi.

Binti yetu amepiga simu. "Mama, mko wapi?"

"Kwenye njiwa."

"Kwenye nini?"

Jumatatu, 12 Agosti

Vumbi. Hakuna mnara. Nimenuna.

Alhamisi, 15 Agosti

Mnara wa sita ni mzuri ajabu. Mweupe, laini, umesakafiwa kuanzia chini mpaka juu, hata ukingo unang'aa. Fundi aliuzunguka mara tatu, akaupapasa kwa kiganja kama anayepapasa ng'ombe wa maonyesho. "Hii sasa ndiyo lipu," akasema, akaupiga picha.

Njiwa hakuna hata mmoja. Muuza mkaa aliyekuwa akipita alisema walihama mwaka juzi, hakuna ajuaye walikokwenda. Nimeandika: Hayupo. Maoni: lipu safi sana.

Jumatano, 21 Agosti

Jumla minara kumi na mmoja. Fundi ananiita Karani tena kama zamani, na anasimamisha gari kabla sijamwambia. Jana alisema kwamba kazini sikuwahi kuwa na macho haya. Nilimwambia kazini sikuwahi kuwa na njiwa.

Jumatano, 28 Agosti

Tumefika mahali ambapo sitaki kuondoka.

Mwanamke alitoka shambani mbio na kikapu, akataka mikate sita. Tulipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini juu ya tikiti maji. "Basi leo ninyi ndio mtakaokula kwangu," akasema, akalipasua tikiti jingine kwa kisu cha kiunoni. Watu wa hapa wanamwita Mama Matikiti. Ni mjane, amepita miaka sabini, analima mwenyewe na anatembea haraka kuliko sisi wawili.

Nyuma ya shamba lake ndipo ulipo mnara. Safu kumi na nane. Kila tundu ni mdomo wa chungu kilichojengewa ukutani, wazi upande wa ndani, na kijiti mbele yake. Baba yake aliujenga kwa mikono yake kabla yeye hajazaliwa. Asubuhi, anasema, huwezi kuzungumza na mtu karibu yake kwa makelele. Nimeandika Yupo, nikapiga mstari mara tatu. Maoni: lipu imeliwa vibaya kuliko zote.

Jioni alikuja mwanamume mrefu mwenye futi ya kupimia. Aliuzunguka mnara akapima upana wa chini, kana kwamba huenda umenenepa tangu jana. Ni mdogo wake Mama Matikiti. Wamekosana tangu baba yao alipofariki, na miaka tisa hawajasemeshana. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama katikati, niligeuzwa simu.

"Mama, hebu mwambie dada yangu kwamba tofali zangu bado nzima."

Dada mtu yuko hatua mbili. "Mwambie huyo mtu kwamba njiwa wangu nao wazima."

"Mwambie nimewasikia."

"Mwambie basi aende."

Alipoondoka, Mama Matikiti alinieleza. Baba yao aliacha neno mbele ya mashahidi: mnara ni wa binti maadamu njiwa wanalala ndani. Kila mwaka, siku ya mvua ya kwanza, ndugu hao wawili husimama mlangoni wakachungulia. Ikikutwa hamna njiwa, mnara ni wa mdogo wake, auvunje achukue tofali. Anataka kujenga ghala la vitunguu. "Na bila mbolea ile," akasema, "shamba langu ni mchanga. Nitaokota nini hapa? Mawe?"

Nimemchukia yule bwana papo hapo. Nimempa jina la Bwana Futi.

Ijumaa, 30 Agosti

Tumeegesha chini ya mnara. Fundi hali vizuri. Anautazama ukuta.

Jumapili, 1 Septemba

Amesema. Nilijua atasema. "Dada, umetukarimu siku nne. Niruhusu nikutengenezee ule mkanda wa juu, usije ukadondoka wote."

Mama Matikiti alisita. "Baba alikuwa anautengeneza mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa kike, hawakunipandisha ngazi. Tangu afe hajaugusa mtu."

Hapa lazima niandike ukweli. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa namvuta Fundi mkono. Safari hii sikumvuta. Nilitaka mnara wangu nilioupenda upendeze, nikasema, "Dada, mruhusu. Mume wangu akipiga lipu, nzi anateleza."

Akaruhusu.

Jumatano, 4 Septemba

Imekwisha, na ni kazi ya kupigiwa makofi. Fundi alibandua lipu yote ya zamani, vipande tukavirundika pembeni mwa shamba. Mchanga aliuosha mara mbili kwenye mfereji, maana anasema chumvi ikiingia kwenye lipu hutokwa jasho, hubanduka, na fundi huaibika. Chokaa alichuja kwa kitambaa. Nilishika ngazi siku tatu, nikampandishia ndoo, nikamwimbia. Mkanda umenyooka, ukingo umelainika kama sahani. Mama Matikiti alishika shavu akasema mnara umekuwa bibi harusi. Nimelala mchana kwa uchovu na furaha.

Alhamisi, 5 Septemba

Njiwa wanateleza. Wanatua kwenye ukingo, miguu inakwenda mbele, mabawa yanapapatika, wanaanguka mpaka kwenye vijiti. Tumecheka sana. Fundi anasema watazoea.

Jumapili, 8 Septemba

Hawajazoea. Leo asubuhi niliweza kuongea na Fundi chini ya mnara bila kupaza sauti.

Jumatano, 11 Septemba

Wako kwenye paa la mashine ya kusaga nafaka, kule barabarani. Tumewaona kwa macho yetu, wamejipanga juu ya bati. Mwenye mashine anasema walianza kuja Jumamosi. Mnarani niliona kama ishirini.

Fundi amekwenda kuupapasa ukuta, amerudi, amekwenda tena.

Jumamosi, 14 Septemba

Hakuna.

Nilifungua ule mlango wa chini mwenyewe, kwa idhini ya Mama Matikiti, nikaingiza kichwa. Vishubaka vyote vile, vitupu, na unyoya mmoja unashuka taratibu. Nilisikia pumzi zangu. Nimefanya kazi shuleni, najua darasa lilivyo siku ya kwanza ya likizo, lakini darasa unajua watoto watarudi.

Mama Matikiti hakutulaumu. Alituletea tikiti kama kila siku, akalikata, akatugawia, akakaa. Ningefurahi zaidi angenitukana. "Labda ni mwaka wao wa kuhama," akasema. Fundi aliweka kipande chake chini. Aliinuka akaingia garini akavuta pazia.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani na mwiko wake mapajani, ule mwiko wa miaka yote, mpini umeliwa na kiganja chake.

"Karani, nimefanya nini?"

"Sijui."

"Nimepiga lipu bora kuliko zote nilizowahi kupiga."

"Najua. Nilishika ngazi."

Mawingu yameanza kukaa upande wa milima. Binti yetu amepiga, akauliza tuko wapi, nikamwambia bado kwenye njiwa, nikakata simu nisije nikalia.

Jioni Bwana Futi alikuja. Alisimama mbali, futi ikiwa mfukoni. Hakupima. Nilidhani anafurahia ushindi wake kimyakimya, na nilimtazama kwa jicho ambalo mama yangu angenipiga kibao kwalo. Mama Matikiti aliniambia nipunguze hasira. "Miaka tisa anapima upana uleule. Unadhani hajaukariri?"

Nimelifikiria hilo muda mrefu.

Jumatatu, 16 Septemba

Fundi amekataa tuondoke. Sikuwa nimemwambia tuondoke.

Jumanne, 17 Septemba

Nitaandika polepole ili niandike sawasawa.

Asubuhi nilikuwa naosha vikombe nje ya gari. Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia shambani. Nikachukua fimbo nikawafukuze kwenye matikiti, lakini hawakuwa kwenye matikiti. Matikiti mekundu yaliyopasuka yako pale, majani mabichi yako pale, na mbuzi saba wote wamepanda juu ya lile rundo la lipu ya zamani, vichwa chini, wanalamba. Nilimpiga mmoja, akanitazama, akaendelea kulamba.

Nikaokota kipande. Nikatazama huku na huku kama mwizi. Nikalamba.

Nilikimbia garini kwa namna ambayo magoti yangu hayakuwa yameitarajia. Fundi alikuwa ananyoa. Nikamwambia, "Lamba."

"Umeugua?"

"Lamba kwanza, uliza baadaye."

Alilamba, na povu la sabuni nusu uso. Akatoa kipande mdomoni, akakitazama, akalamba tena. "Chumvi," akasema. "Hakuna fundi duniani anayechanganya chumvi kwenye lipu."

"Huyu alichanganya."

"Ingebanduka."

"Ilibanduka, Fundi! Uliona mwenyewe ilivyoliwa. Iliwekwa iliwe."

Nilifungua daftari, na hapo ndipo nilipotaka kujificha chini ya kitanda. Minara kumi na miwili. Kila palipoandikwa Yupo, kwenye maoni nimeandika lipu imeliwa. Mmoja tu ni Hayupo, na maoni yake ni lipu safi sana. Mwandiko wangu mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja niliwaonyesha walimu kwenye safu hizihizi mtoto gani ana shida nyumbani, na safari hii nilikuwa naandika tu bila kusoma. Njiwa ndio waliokuwa wanadonoa yale mashimo. Wanapenda chumvi kama mbuzi. Mzee aliwawekea ukutani, juu, penye ukingo mkavu wasipofika mbuzi, na sisi tukaja tukaibandua, tukaosha hata mchanga, tukawawekea sahani.

Fundi alikaa kwenye ngazi ya gari. Nilidhani atalia. Alianza kucheka, polepole, povu likimdondoka kifuani. "Kumi na mmoja nimeita mafundi wabovu," akasema.

Tulikwenda pamoja kumwambia Mama Matikiti. Alilamba naye. Kisha akasema neno moja tu: "Baba."

Jumatano, 18 Septemba

Shida ni kipimo. Chumvi ikizidi, lipu haishiki kabisa. Ikipungua, njiwa hawaisikii. Fundi amejaribu vibandiko vitatu kwenye ubao, vyote vimeanguka. Mama Matikiti hajui, hawakumpandisha ngazi.

Saa tisa alikuja Bwana Futi, gunia begani; habari za chumvi zilikuwa zimemfikia. Akalitua mbele ya Fundi. Ilikuwa chumvi ya mawe, ile wanayopewa ng'ombe.

"Kila kiangazi baba alinituma kununua hii," akasema. "Mwanzo nilidhani ni ya mifugo, kumbe ni ya lipu. Nilikaa chini ya ngazi nikimkorogea. Madebe manne ya mchanga, debe moja la chokaa, bakuli mbili za chumvi, isiyosagwa. Na hakutumia mwiko. Alitupia kwa kiganja."

Sikujizuia. "Kwa nini unatuambia? Wewe si unataka tofali?"

Alitazama kule kwenye mashine ya kusaga. "Nakaa pale ng'ambo ya mfereji. Tangu njiwa waondoke, naamka jua limeshapanda. Nilikuwa sijui ndio walikuwa wananiamsha. Ghala nalitaka, sikatai. Lakini sikutaka kimya hiki, mama."

Mama Matikiti alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikapu. Nilingoja waniambie niseme nini. "Usimwambie kitu," akasema Bwana Futi, akaenda kutafuta debe.

Namfuta kwenye orodha ya watu ninaowachukia. Jina litabaki, nimelizoea.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku mbili za vituko. Kuibandua kazi nzuri kwa patasi ni jambo moja, na Fundi alilifanya bila kupepesa. Kupiga lipu mbovu ndiko kulikomshinda. Mkono unakataa. Anatupia donge, na kabla hajajua kiganja kimeshalisawazisha. Bwana Futi anapaza sauti kutoka chini, "Umelainisha!" Fundi anajibu, "Sijalainisha!" Nami naona kabisa kwamba amelainisha.

Mwishowe aliuchomoa mwiko kiunoni akanirushia. Akafumba macho. Nasema kweli, mume wangu alipiga lipu amefumba macho juu ya ngazi, mabonge yakiruka, nusu yakitua kichwani kwa Bwana Futi. Ukingo tuliukwaruza kwa ufagio wa chelewa mpaka ukawa kama mgongo wa kenge.

Aliposhuka alirudi nyuma hatua kumi akatazama. "Nikifa leo," akasema, "msiseme hii ni kazi yangu."

Jumapili, 22 Septemba

Hakuna. Mawingu.

Jumatano, 25 Septemba

Hakuna. Chokaa bado inanuka. Bwana Futi anasema baba yake alikuwa anangoja wiki. Wiki itimie basi.

Jumamosi, 28 Septemba

Mmoja! Asubuhi, juu ya gari letu, si juu ya mnara. Anatembea juu ya bati, tik tik tik, nadhani makombo ya miaka ile ya mikate hayajaisha huko juu. Nilimshika Fundi mkono nikamzuia asipige chafya. Njiwa aliruka mpaka kwenye ukingo, miguu ikashika. Akageuza kichwa. Akadonoa ukuta mara moja, akangoja, akadonoa tena.

Fundi alinong'ona, "Anaula."

Jumanne, 1 Oktoba

Tisa. Wanakuja mchana kula ukuta, wanarudi kwenye mashine kulala. Kula si kulala. Neno la baba yao ni kulala. Sina hamu ya chakula na siwezi kukaa mahali pamoja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua.

Ilianza kama saa kumi jioni. Kwanza upepo, kisha harufu, kisha matone makubwa kwenye vumbi, machache, mtu angeweza kuyakwepa. Mama Matikiti alitoka kwake bila kujifunika. Bwana Futi alikuja kutoka ng'ambo ya mfereji, mikono mitupu. Walisimama mlangoni kwa mnara, huyu upande huu, yule upande ule, kama kila mwaka. Mimi na Fundi nyuma yao. Juu ya ukingo hapakuwa na kitu. Wale tisa walikuwa wameshaondoka.

Mvua ikazidi. Kule barabarani bati la mashine lilianza kuvuma, na nilijua bati linavyopiga kelele mvua ikilishukia, nimekaa ofisini chini yake miaka thelathini na mmoja, mtu hawezi kusikia hata kengele.

Ndipo wakanyanyuka. Kundi zima, jeusi kwenye kijivu, likainuka juu ya mashine, likazunguka mara moja, mara mbili. Nikasikia sauti yangu inasema "huku, huku, huku," na nilikuwa na aibu na sikuacha. Likaelekea kwenye milima. Fundi alinishika bega, vidole vikaingia. Kisha likapinda.

Walikuja juu ya matikiti, chini, haraka, wamelowa, wakaingia kwenye vyungu vyote kwa mara moja. Makelele ya mabawa yaliizidi mvua. Wengine walikosana mlangoni, wakasukumana, wakaingia.

Bwana Futi alipiga magoti akafungua mlango wa chini, akaingiza kichwa. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, unyoya ulikuwa umemnasa kwenye nyusi, na hakunitazama mimi.

"Wamo," akasema. "Dada, wamo. Ingia ndani, unalowa."

Mama Matikiti, kwa mazoea, alinigeukia. "Mwambie..." Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, sijui yapi ni ya mvua. Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe unalowa. Njoo unywe chai."

Waliondoka pamoja, wakiruka madimbwi. Nami nilibaki pale bila kazi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikalia kwa furaha mpaka kwikwi.

Nilipomtafuta Fundi, alikuwa amesimama chini ya ukingo. Njiwa mmoja aliyechelewa alikuwa bado nje, anadonoa, na punje za lipu zilikuwa zinamdondokea mume wangu kwenye kofia. Hakusogea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumeaga. Matikiti kumi na manne kitandani, hatuna pa kulala. Mama Matikiti nimemwandikia vipimo vya mdogo wake kwenye ukurasa wa daftari hili, kwa ajili ya kiangazi kijacho, naye amesema safari hiyo ngazi atapanda yeye.

Binti yetu: "Mama, sasa mko wapi?" Nimemwambia njiani. Hakuamini.

Jumapili, 6 Oktoba

Mnara wa kumi na tatu, kando ya daraja, mdogo, njiwa tele, mvua nyembamba. Fundi alisimamisha gari, akashuka. Nikamwona ananyoosha mkono mpaka chini ya ukingo, kwenye ule mkanda wenye mashimo, akapitisha kidole, akakilamba. Akarudi garini, akafunga mlango, akawasha gari.

"Nani alipiga lipu hii?" nikamuuliza.

"Fundi," akasema.

Nimeandika: Yupo. Maoni: lipu imeliwa vizuri.